Wa Kwanza kwa Hali ya Hewa

Redio ya muuza kahawa ilikuwa inakwaruza asubuhi hiyo, lakini habari ilisikika vizuri: wageni wamepiga kura, na mji huu mdogo uliokaa bondeni, milima kila upande, umeshika nafasi ya kwanza kwa hali nzuri ya hewa. Benchi zima likalipuka kwa shangwe, kila mtu na makoti yake mawili.

"Nilisema mimi!" alipayuka Breki, dereva wa lori la mbao. "Hapa ni peponi, tumekosa malaika tu."

"Walikuja," alisema muuza kahawa. "Wakashikwa na kikohozi, wakarudi."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Asiyecheka alikuwa Pindo, fundi cherehani. Alikuwa amemuoa mkewe kutoka tambarare, kwenye joto, na tangu jana mama huyo alikuwa amefunga mizigo.

"Jamani, niokoeni," alisema Pindo. "Shemeji yenu anapita hapa sasa hivi kwenda stendi. Usifieni huu mji mpaka abadili nia. Akipanda lile basi, mimi nimekwisha."

"Kumbe bado unampenda?"

"Nampenda, Breki. Usinichekeshe nikalia mbele za watu."

"Ondoa shaka," alisema Ramani, mwalimu mstaafu wa jiografia, akijikung'uta chaki ambayo haikuwepo tena. "Kazi ya kusifia tuachie sisi."

Mara mke akatokea, begi mkononi, shuka mabegani, kitambaa mpaka puani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Shemeji, za asubuhi?" alidakia Breki.

"Za baridi."

"Umesikia redio? Tumekuwa wa kwanza!"

"Waliopiga kura walilala hapa?"

"Aa... walipita mchana."

"Nilijua."

Breki hakukata tamaa. "Lakini shemeji, huku hakuna mbu!"

"Mbu ana akili."

"Friji hatununui," alisema muuza kahawa. "Maziwa yanakaa wiki nzima!"

"Na mimi nimekaa humo humo na maziwa."

"Na ukungu je?" alirukia Breki. "Watu wanatoka mbali kuja kuupiga picha!"

"Juzi katika huo ukungu nimemsalimia ng'ombe wa jirani. Nikamuulizia na watoto."

Muuza kahawa alicheka kabla hajajizuia. Pindo akamtolea macho.

"Tatizo, mama, ni kukosa sayansi," aliingilia Ramani. "Usiku hewa baridi huwa nzito. Inateremka kutoka mlimani, inajikusanya chini bondeni. Ndiyo maana asubuhi nyingine kule mteremkoni juu kuna afadhali kuliko nyumbani kwenu."

Benchi zima likapoa. Pindo alimkanyaga mguu.

"Mwalimu, uko upande gani?"

"Upande wa ukweli."

"Hamia kwangu kwanza, basi likiondoka urudi."

Ramani akajikosoa haraka. "Lakini jua, mama! Angalia jua hili! Linapenya pale kwenye mwanya wa milima, linatupiga usoni mapema kabisa. Wapi pengine utapata jua tamu hivi?"

Mke aliweka begi chini. Akanyoosha mkono kwenye mwanga, akaugeuzageuza.

"Kumbe liko hapa."

"Nini?" aliuliza Pindo.

"Jua. Kwenye nyumba yetu linafika adhuhuri, alasiri mlima umeshalimeza. Miaka miwili najiuliza mume wangu anafuata nini hapa kila asubuhi, kahawa chungu na porojo zile zile. Kumbe mnaota jua! Sisi mmetuacha majumbani tunapuliza moto wa kuni mbichi."

Pindo aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, maana kweli hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja.

"Nilidhani umenichoka," alisema taratibu.

"Nimechoka kutetemeka peke yangu."

Pindo alisimama, akapangusa nafasi yake kwa mkono wa koti. "Kaa, mke wangu."

"We Pindo!" Breki alimaka. "Hapo ni pa mwanachama!"

"Mwanachama ndiye huyo."

Mke akakaa, akafungua kitambaa, akafumba macho. Kule stendi basi likapiga honi, likapiga tena, naye hakujitingisha. Pindo alitamani kumkumbatia pale pale, ila alijua Breki angemtania mwaka mzima.

Kisha mke akatoa simu. "Shoga, uko wapi? Njoo hapa kwenye benchi la kahawa. Mpitie na mke wa mwalimu. Ndiyo, na nguo mbichi zote, zileteni."

Haukupita muda benchi likajaa wanawake, suruali za waume zao zimetandazwa juu ya egemeo. Wanaume walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ghala, mikono makwapani, Pindo peke yake akitabasamu.

"Huu mji," alisema Breki, meno yakigongana, "haufai kuishi binadamu."