Nilivyomwosha Miguu Mzee Sefu

Leo nimeaibika, jamani. Sijui kesho nitapitaje mtaani kwetu Muhima.

Mnamjua Mzee Sefu, mkata vitambaa wa duka letu la ushonaji. Alianza kazi kwa marehemu baba mwaka wa uhuru, na hakuna suruali ya maana iliyotoka dukani kwetu bila mkasi wake. Lakini tangu augue, mkono unatetemeka. Wiki iliyopita alimkatia bwana harusi koti lenye bega moja juu, jingine chini. Nikaamua kumpumzisha. Mkasi wake nikampa Gaspari, fundi mwenzake, kimyakimya. Kilichobaki ni kumwambia mzee, na hapo nikakwama, maana mimi ni mwoga (mke wangu ni shahidi).

Jumapili mchungaji akahubiri juu ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu. Kiongozi wa kweli huinama, alisema. Nikaona dawa yangu hiyo. Nitamwosha mzee miguu kwanza, moyo ulainike, halafu nimwambie. (Kwamba Yesu siku ile hakumwachisha mtu kazi, sikulifikiria.)

Basi leo mchana nikachemsha maji, nikatia kwenye beseni. Mzee alikataa, nikambembeleza, akakubali kwa sababu ya miguu yake iliyovimba. Kiti kilimuumiza mgongo, nikamlaza juu ya meza ya kukatia. Akalalamika baridi, nikamfunika kwa kitambaa cheupe cha marekani. Nikaosha polepole nikitafuta maneno. Maneno hayakuja. Nilipoinua kichwa, alikuwa amefumba macho.

Mkewe, Bi Zaina, akaingia na chakula. Sasa tazameni alichokiona: mumewe chali mezani, nguo nyeupe hadi kidevuni, na mimi ninamwosha. Kwa Waislamu, mtu mzima hulazwa hivyo akaoshwa mara moja tu, na siku hiyo haamki.

Sahani ikaanguka. Akapiga yowe ambalo nadhani lilifika Gisozi, ng'ambo ya bonde. Majirani wakajaa. Haji Musa, mwenye duka la pili kutoka kwetu, akanikaba shati.

"Unaosha Mwislamu bila kuita watu ya musikiti? Wewe iko nani?"

Nilitaka kumjibu kwamba mzee yu hai. Nikamtazama mzee. Hakutikisika, na makelele yale yote! (Dawa za hospitali humlaza fofofo, nilisahau.) Nikamshika mguu, wa baridi. Nikaamini kweli amenifia mikononi. Nikaanguka, nikalia mbele ya mtaa mzima.

"Mzee, unisamehe! Nilitaka kukuambia leo. Mukasi nilimupa Gaspari, kazi yako imekwisha, niliogopa kukuambia!"

Kisha ile nguo nyeupe ikasogea.

"Mukasi yangu," mzee akauliza, macho bado yamefumba, "iko kwa nani?"

Bi Zaina alikaa sakafuni katikati ya wali uliomwagika, akaanza kulia upya. Mzee akaketi, akajifuta miguu mwenyewe. Kuvaa viatu kulimchukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Gaspari akajipenyeza katikati ya watu, akamletea mkasi kwa mikono miwili. Mzee akaushika kidogo, mkono ukitetemeka, akauweka mezani. Ndipo akanitazama.

"Ungeniambia jana," akasema, "mi nikiwa na viatu."

Akaondoka na mkewe. Roho iliniuma, na inaniuma hadi sasa. Nilibaki na Gaspari, ambaye kila nikimkaribia anarudisha miguu yake chini ya kiti.

Mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Kesho naenda kwake kuomba radhi, na mke wangu ameshaficha beseni.