Siku Mwalimu Breki Alipoambiwa Kulia

Hakuna chombo chenye usukani, pedali, injini au kamba ambacho Mwalimu Breki hajawahi kukiendesha duniani! Haya si maneno yangu, jamani. Ni maneno yake mwenyewe, na shahidi wake alikuwa yeye mwenyewe, na hakimu pia ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva. Gari lake la mafunzo lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na hiyo ya mwalimu ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa. Mwanafunzi akiona paka kule mbali, Breki keshakanyaga! Mwanafunzi akipiga chafya, Breki keshakanyaga! Ndiyo maana wakambandika jina hilo, naye akalipokea kama cheo.

Jambo moja tu alikuwa halisemi. Usukani wenyewe alikuwa hajaushika kwa miaka mingi. Kiti chake kilikuwa cha pembeni, na kazi yake ilikuwa mdomo na mguu mmoja.

Sasa bwana huyu alitaka kuoa. Mchumba wake alikuwa fundi cherehani, aliyekuwa mwanafunzi wake, akafaulu mtihani wa barabarani mara ya kwanza, kisha akaendelea kuja chuoni hata baada ya kupata leseni, eti anapita kusalimia. Breki alikuwa akimwita Fundi, naye alimwita Mwalimu. Walikuwa wanapendana kweli, hilo sina utani nalo.

Wazazi wa Fundi hawakuwa na kipingamizi. "Sisi tumeridhika," baba mtu akasema, "ila mwenye neno la mwisho ni dada yangu."

Mama wee! Huyo dada, yaani shangazi yake Fundi, alikuwa mkunga mstaafu, mama wa maneno machache na mikono mipana. Alikwisha kuwakataa wachumba wawili. Wa kwanza kwa sababu alitafuna kwa kelele. Wa pili kwa sababu alitafuna kimya mno, "kama mtu anayeficha jambo." Na hukumu ya Shangazi ilikuwa haina rufaa.

Safari hii Shangazi aliamua kufanya uchunguzi wa kina. Waende likizo watatu, katika hoteli moja ndogo kando ya mto, amtazame huyu bwana akiwa mbali na wanafunzi wanaomwogopa.

Walipofika mapokezi tu, wakakuta picha kubwa ukutani. Juu, watu wamejipanga ndani ya boti la mpira, mawimbi yanawachapa. Chini, watu wamepanda pikipiki za matairi manne, tope mpaka kwenye kope. Asubuhi mto, mchana pikipiki, jioni umerudi hotelini, ukiwa bado una bahati.

"Mimi hii inanitisha," Fundi akasema.

"Ipi? Hii?" Breki akacheka kwa dharau. "Mto kama huo mimi naoshea miguu! Na hizo pikipiki ni vigari vya watoto, vimekosa mzazi tu."

Shangazi akamtazama kwa utulivu. "Kwa hiyo unaweza."

"Shangazi, naweza mpaka kuweza kwenyewe kumenichoka!"

"Vizuri. Kesho tunakwenda. Nitapanda boti moja na wewe, na pikipiki moja na wewe. Jioni nitatoa jibu la posa."

Breki akaitazama ile picha upya. Lakini ukiyavulia maji nguo huna budi kuyakoga, na yeye alikuwa ameshavua mpaka soksi.

Asubuhi wakakuta boti linawasubiri ukingoni, na nahodha wake, bwana mmoja mwenye mabega ya kubebea makabati. Akawakusanya awape maelekezo. "Sikilizeni kwa makini. Nikisema 'mbele', wote pigeni kasia. Nikisema 'kushoto', wa kushoto peke yao. Nikisema 'kulia', wa kulia peke yao, tena kwa nguvu. Nikisema 'shika', acha kasia ushike kamba. Tumeelewana?"

Fundi alielewa. Shangazi alielewa. Breki yeye alikuwa anamfundisha Fundi namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, huku lake amelivaa nyuma mbele. Shangazi akamgeuza, akamfunga kamba zote.

"Nani ana nguvu hapa?" nahodha akauliza.

"Zangu ni za watu wawili," Breki akajibu upesi.

"Basi kaa upande wa kulia peke yako. Akina mama watakaa kushoto."

Mwanzoni mto ulikuwa umetulia tuli, kama chai iliyosahauliwa mezani. Breki akapiga kasia kidogo, akajinyoosha. "Huu ndio mto waliotutishia? Au tumeletwa kwenye mfereji kwa makosa?"

Mto nao una masikio. Wakakata kona, na mbele yao maji yakawa meupe, yananguruma, na katikati yake limekaa jiwe kubwa kama nyumba. Boti likaanza kukimbia lenyewe.

"Kulia!" nahodha akapaza sauti. "Kulia! Kulia!"

Breki akageuka na jicho kali. "Nani? Mimi?"

"Ndiyo, wewe! Kulia kwa nguvu!"

"Nilie? Mbele ya wakwe zangu? Silii!"

"Kulia, bwana! Tunagonga!"

"Hata tukigonga! Lieni ninyi!" Na ili kila mtu aone vizuri kwamba macho yake ni makavu, akaliweka kasia chini, akakunja mikono kifuani.

Lo! Boti likalipiga jiwe, likaruka. Breki akaruka zaidi. Akapaa na mikono yake imekunjwa vilevile, akaingia mtoni kwa kichwa. Mfa maji haachi kutapatapa, na Breki alitapatapa mpaka samaki wakampisha njia.

Sasa kumbuka kazi ya Shangazi. Mama huyu aliishi kwa kuwapokea watu waliolowa, waliokuwa wakitoka mahali penye giza bila hiari yao. Akainama, akadaka kamba za jaketi mabegani. "Tulia! Usisukume mpaka nikwambie! Haya, sasa sukuma!" Akamvuta, kichwa kikatangulia, akamlaza kifudifudi magotini, akamtandika kibao cha mgongo. Paa!

Maji yakatoka. Ndipo Breki akalia. Alilia kwa sauti, kile kilio kipya kabisa cha mtu anayeiona dunia kwa mara ya kwanza na haijampendeza.

"Wa kiume," Shangazi akatangaza.

Nahodha alikuwa hoi kwa kuhangaika na boti peke yake. "Ndiyo unalia sasa, bwana mkubwa? Mimi nilisema upande wa kulia! Mkono wa kulia!"

Breki akajitazama mkono wa kulia kama aliyetambulishwa kwake siku hiyo. Mtu ambaye kutwa nzima anapiga kelele "kata kulia, rudi kulia"!

"Nikuulize," Shangazi akasema. "Huko chuoni, ukiwaambia wanafunzi kulia, huwa wanafanya nini?"

Fundi ndiye aliyejibu, huku anajifuta uso kwa kiganja. "Huwa tunalia, Shangazi."

Saa ya chakula Breki alikaa amejitanda taulo, hana hamu. Aliogopa. Hakuogopa mto tena, aliogopa jioni. Alimtazama Fundi akimenya yai, maganda ameyapanga vizuri pembeni ya sahani kama vipande vya kitambaa, akaona maisha yake yote yaliyobaki bila mtu huyo, na moyo ukamwuma waziwazi.

Fundi akamsogelea. "Mwalimu, mwambie tu hujui. Hutapungukiwa kitu."

"Sijui nini? Maji si fani yangu, basi. Mchana ni matairi."

"Mwalimu..."

"Matairi, Fundi! Mimi na matairi tumetoka mbali!"

Mchana wakamkuta nahodha yuleyule, kabadilisha kofia tu, amekuwa mkuu wa pikipiki. "Hapa penye kidole gumba ndipo penye mafuta," akaeleza. "Ukibonyeza inakwenda, ukiachia inapunguza. Breki ziko mkononi. Za mkononi, bwana mkubwa, umenisikia?"

"Unamfundisha nani udereva?" Breki akauliza, na tayari amepanda.

Shangazi akapanda nyuma yake, akajifunga kanga vizuri juu ya suruali, akamshika kiunoni. Fundi akapanda yake peke yake.

Wakaondoka. Breki alikwenda kwa mwendo wa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kuku mmoja alitembea nao sambamba, akachoka kusubiri, akapita.

"Tunakwenda," Shangazi akauliza, "au tumefika?"

Hapohapo Fundi akawapita, wiiiii, mtandio unapepea. Mwanafunzi wake! Aliyemfundisha mwenyewe! Breki akabonyeza kidole gumba kwa hasira.

Pikipiki ikachomoka kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa jikoni. Breki akashtuka, na mguu ukafanya kazi yake ya siku zote: ukakanyaga breki. Breki haikuwepo! Ukakanyaga tena, ukakanyaga hewa. Akaogopa zaidi, na mtu akiogopa hushikilia, na kadiri alivyoshikilia kwa nguvu ndivyo kidole gumba kilivyozidi kubonyeza mafuta.

Mguu umeshindwa, ukabaki mdomo. "Punguza mwendo!" Breki akapayuka. "Nimesema punguza! We mwanafunzi, huoni mbele? Breki! Kanyaga breki!"

"Unasema na nani?" Shangazi akauliza sikioni.

"Na dereva!"

"Dereva ni wewe!"

"Mungu wangu!"

Wakaiacha njia, wakachana majani, wakaingia uani kwa watu. Mama mmoja alikuwa anaanika nguo, vibanio vimejaa mdomoni. Hakupata hata nafasi ya kuwaambia kwamba hodi ni jambo jema. Pikipiki ikapita katikati ya kamba, na shuka jeupe likamfunika Breki gubigubi, kichwa mpaka mabega, likabaki linaburuta nyuma. Bibi harusi gani alishawahi kwenda kwa mwendo ule!

"Shangazi!" sauti ikatoka ndani ya shuka. "Naona weupe tu! Tumeshafika mbinguni?"

"Bado," Shangazi akasema. "Tuko kwa jirani."

Mbele yao kulikuwa na dimbwi la bata. Shangazi akaupitisha mkono chini ya kwapa la Breki, akaupapasa ufunguo, akauzima. Pikipiki ikasimama ukingoni. Wao hawakusimama. Wakaendelea na safari bila chombo, wakatua katikati ya tope, na bata wakahama kwa matusi.

Breki akafurukuta kujitoa kwenye shuka. Hakujigusa, hakujitazama. "Shangazi! Umeumia wapi? Shangazi, sema chochote!" Akatambaa kwa magoti mpaka alipo. Shangazi alikuwa amelala chali, macho kafumba, mwili mzima unatetemeka.

Breki akashika kichwa. "Nimemuua! Shangazi, usife, nakuomba! Nikatae, nitakubali. Mimi sijui kuendesha kitu! Gari lenyewe tangu niwe mwalimu sijalishika, nakaa pembeni nakanyaga breki! Nilisema najua kwa sababu nampenda binti yenu, na nikaona mtu asiyejua kitu atapewa nini? Nikatae, ila usife!"

Shangazi akafumbua jicho moja, akajaribu kusema, akashindwa. Mama alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka machozi yakafanya mifereji kwenye tope la mashavu. Fundi alipofika, akaegesha pikipiki yake vizuri kando, akamkuta mchumba wake analia na shangazi yake anacheka, naye akakaa chini akicheka pamoja na shangazi yake.

Lile shuka walilolitia tope walilifua wao wenyewe, watatu, chini ya macho ya yule mama mwenye vibanio, mpaka akaridhika.

Jioni wakakaa mezani hotelini, wameoga, wananukia sabuni. Breki alikuwa kakaa wima kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Chai ilikuwa mbele yake na hakuigusa.

"Nimeona nilichotaka kuona," Shangazi akaanza. "Yule mchumba wa kwanza aliniudhi. Wa pili alinisinzisha. Wewe ni mwongo, mwoga, na kichwa chako kigumu kama lile jiwe la mtoni."

"Ndiyo, Shangazi," Breki akasema kwa sauti ndogo.

"Lakini mle kwenye tope umeziulizia mbavu zangu kabla ya zako. Na tangu nimzike mume wangu, mimi sijacheka vile. Nilidhani nimesahau namna ya kucheka." Akamshika Fundi mkono. "Posa nimeipokea."

Breki akaruka kitini! Akamkumbatia Fundi, akamkumbatia Shangazi, nusura amkumbatie na mhudumu wa chai. Na kabla hajakaa vizuri, yule mtu wa zamani akarudi kifuani mwake, kifua kikafura, shingo ikanyooka. "Mimi nilijua tu! Shangazi una jicho la kumtambua mwanamume! Ile kona ya uani mnaona nilivyoikata?"

"Niliiona," Shangazi akasema. "Na nikwambie jambo, matairi yamenikolea. Nikirudi nyumbani nataka nijifunze gari, nipate leseni."

"Umefika, Shangazi!" Breki akajipiga kifua. "Chuo ni chako! Nitakufundisha mimi mwenyewe, kuanzia Jumatatu!"

Shangazi akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, binti yetu nimekupa. Roho yangu nitafutie mwalimu mwingine."