Kikatio cha Kuaminika

Jumamosi, 9 Septemba

Nimeaibishwa. Tena hadharani! Uwanja wa shabaha umejaa, nusu ya mji wetu wa Tamarack Fork iko pale na viti vyao vya kukunja, nami nimelala kifudifudi na bunduki begani, tayari kung'ara. Risasi ya tatu ikagoma kuingia. Nikasukuma komeo la bunduki. Likagoma. Nikasukuma kwa nguvu zote. Likagoma na kunikwaruza kidole.

Ikabidi aitwe Arlo Pruitt, mwenyekiti wa klabu yetu na, kwa bahati mbaya, kaka wa mke wangu. Akaitoa ile risasi, akaipima, akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba maganda yangu yamerefuka.

Kila anayejaza risasi zake mwenyewe anajua habari hii. Ganda la shaba likishapigwa shingo yake hurefuka, na lisipokatwa kwa kipimo halikai vizuri ndani ya bunduki. Kwani mimi sikati? Nakata! Nina kikatio changu tangu nilipokuwa nawauzia wakulima wa ngano bima ya mvua ya mawe. Ni kweli siku hizi kinakata moja refu, moja fupi, moja mshazari. Lakini hayo ni mambo ya faragha kati yangu na kikatio changu.

Aliyenifuata ni Idella Struthers, mwalimu mstaafu wa kinanda, aliyehamia hapa juzijuzi kutoka Spokane. Matundu yake yote ungeyafunika kwa kifungo cha koti. Akainuka, akapangusa magoti, akaniambia, "Pole, Bwana Brekke. Tafuta tu kikatio cha kuaminika, mambo yatanyooka."

Pole! Kwangu mimi! Nilikuwa kwenye timu hii wakati yeye bado anawafundisha watoto wa watu kukaa wima mbele ya kinanda.

Na Arlo naye hakuniacha nipumue. Akasema nafasi ya mwisho kwenye timu itakayopambana na klabu ya Willow Draw, yaani nafasi YANGU, sasa itagombewa. Mchujo tarehe 23.

Sawa. Nitapata kikatio cha kuaminika kuliko vyote Montana. Na sitamwuliza yeye.

Jumapili, 10 Septemba

Wazo limenijia katikati ya mahubiri. Anayenunua kabla ya kujaribu ni mjinga. Anayejaribu kwa vifaa vya wengine ni mtaalamu.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, nikagonga kikombe kwa kijiko na kutangaza kwamba nitaandika ripoti kamili ya kulinganisha vikatio kwa ajili ya jarida la klabu. Kila mwanachama aniazime chake. Arlo akauliza jarida gani, maana lile karatasi letu hutangaza chapati za kuchangisha fedha na mbwa waliopotea. Nikamwambia ndiyo maana, wakati umefika likomae.

Mke wangu Verna akanitazama juu ya kipande chake cha pai. Akauliza kama hili litaishia kama ule mradi wangu wa kufuga chinchila, wale wanyama wadogo wa manyoya.

Halifanani hata kidogo na chinchila! Chinchila walikuwa na hila. Vikatio ni chuma.

Jumanne, 12 Septemba

Vimefika! Gereji yangu imependeza kama duka. Kimoja cha kuzungusha kwa mkono, kimoja cha kufunga kwenye drili, kimoja chenye mota kubwa kama ya kukorogea zege, na kingine sijui hata kinashikwa wapi.

Ila wametumia vibaya ukarimu wangu. Kila mmoja amekileta kikatio chake pamoja na ndoo. Ndoo ya maganda! Machafu! Nikamwuliza Arlo hii ni nini. Akasema, "Si unajaribu, shemeji? Jaribu na haya. Nitayafuata wiki ijayo." Akaondoka anapiga mluzi. Huyu ndiye mtu niliyemsimamia harusi.

Mwalimu Struthers alikuja mwisho. Hakuleta ndoo. Alileta kikatio kidogo cha mkono, kimefungwa kwenye kitambaa cha flana kama mtoto mchanga. Akasema kilikuwa cha baba yake, na kwamba alijifunza kukizungusha akiwa amesimama juu ya kasha kwa sababu ya ufupi wake. Akaniomba nikitie tone la mafuta tu, nisikilazimishe.

Nikamwambia sijawahi kukilazimisha chombo chochote maishani. Verna akakohoa.

Alhamisi, 14 Septemba

Vidole vinanitoka malengelenge. Kile chenye mota nilikianzia jikoni, karibu na umeme. Kikatapika chembe za shaba hadi kwenye unga wa mkate wa Verna. Nikahamishwa. Sikuulizwa maoni yangu.

Lakini nimegundua kashfa! Nakata ganda, napima kwa kalipa yangu, kile kipimo cha taya mbili: refu. Nachukua kikatio kingine, nakiweka sawasawa kama maelekezo yasemavyo, nakata, napima: refu. Refu kwa kiasi kilekile! Vyote, bila kubakiza hata kimoja, vinaacha ganda refu. Hata kile kitoto cha flana, kilichojifanya kitakatifu.

Wanaotengeneza vitu hivi wamekaa mahali, wamekubaliana kutudanganya. Na watu wazima wa mji huu wamekuwa wakidanganywa miaka yote huku wakisema asante!

Sikukata tamaa. Nimerekebisha kila kikatio mpaka kalipa yangu ikaridhika. Cha Mwalimu Struthers kiligoma kidogo kwenye skrubu. Nikakibembeleza kwa koleo. Kisha nikayakata maganda yote. Ndoo zote! Bure! Kwa kizazi hiki kisicho na shukrani.

Jumamosi, 16 Septemba

Ripoti imekamilika. Ina kichwa: "Uongo wa Vikatio." Sijawahi kuandika kitu kikali namna hii tangu barua yangu kuhusu mbwa wa mchungaji.

Nikamsomea Verna. Akaendelea kumenya viazi. Kisha akasema, "Lyndon, nikuulize. Vikatio vya nyumba tofauti, vya viwanda tofauti, vyote vinasema neno moja. Kalipa yako peke yake inasema lingine."

Nikamwambia ndiyo, hapo ndipo penye kashfa.

Akasema, "Mume wangu, hebu kaa ulifikirie hilo. Kaa chini kabisa."

Nilikaa. Nililifikiria. Nikaona kwamba mtu asiyeijua mitambo asilaumiwe kwa kutoielewa. Nikamwambia hivyo, kwa upole kabisa. Chakula cha jioni nimekula mkate mkavu wenye chembe za shaba.

Jumatano, 20 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu ukweli lazima uwekwe mahali.

Mkutano wa klabu. Watu wote, na nimewarudishia ndoo na vikatio vyao. Nikasoma ripoti yangu nimesimama, kwa sauti. Nilipofika kwenye neno "genge" nikapiga meza. Wote wakanikodolea macho. Nilidhani wameguswa.

Arlo akachukua ganda moja kutoka kwenye ndoo yake, akalipima kwa kalipa yake. Akalipima tena. Akachukua jingine. Kisha akamwomba Mwalimu Struthers apime kwa yake. Mwalimu akapima, akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mafupi."

Ndoo zote. Maganda ya klabu nzima. Siyo mafupi ya kusameheka, mafupi ya kutupwa.

Arlo akanyoosha mkono, nikampa kalipa yangu. Akaifungua taya, akaiinua kwenye taa. Kwenye taya moja kulikuwa na kipande cha shaba, chembamba kama kucha, kimegandishwa pale kwa sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu ninaomwagia chapati. Kila nilipopima, nilikuwa napima ganda pamoja na takataka.

"Shemeji," Arlo akauliza, "unakula chapati juu ya meza ya kazi?"

Nikamjibu kwamba mtu anakula kifungua kinywa popote apendapo katika nyumba aliyoijenga mwenyewe! Na kwamba viwanda vinavyotengeneza kalipa zenye taya zinazonata ndivyo vya kuulizwa! Hakuna aliyeniunga mkono. Mmoja alikuwa ameikumbatia ndoo yake kama jamaa wa marehemu.

Mchujo ni Jumamosi. Hakuna mwenye ganda linalofaa. Hata mimi.

Nilipokuwa natoka, Mwalimu Struthers alikuwa mlangoni na kikatio cha baba yake mkononi. Aliona alama za koleo kwenye skrubu. Aliipapasa tu kwa kidole gumba, mara moja, akakifunga kwenye flana.

Ningependa angenitukana. Wengine wote walinitukana, na nililala vizuri baada yao.

Ijumaa, 22 Septemba

Jambo la ajabu. Mwalimu Struthers amezunguka mji mzima na gari lake, nyumba kwa nyumba, anagawa maganda. Yake mwenyewe, maana hakuniletea ndoo, yameshakatwa, safi, yanang'aa. Kila mshindani amepewa ya kumtosha kwa mchujo.

Kwetu alifika mwisho. Nikajificha nyuma ya jokofu la gereji. Nikamsikia Verna akimwambia, "Yuko nyuma ya jokofu, Mwalimu."

Ikabidi nitokee. Nikasema nilikuwa natafuta uvujaji. Akanipa kimfuko. Nikamwuliza kwa nini anampa silaha mtu anayegombea naye nafasi. Akasema, "Nikishinda kwa sababu wenzangu hawana risasi, nitakuwa nimemshinda nani?"

Nilijaza risasi jioni nzima. Nilisafisha meza. Nilipangusa taya za kalipa, kisha nikazipangusa tena. Verna aliniletea kahawa bila kuambiwa.

Jumamosi, 23 Septemba

Sijawahi kupiga hivi maishani! Komeo lilifunga kama mlango wa benki. Risasi zikaenda mahali pamoja, moja juu ya nyingine, hadi kwenye darubini nikaona kama tundu moja lenye masikio. Watu wakapiga makofi. Arlo akavua kofia.

Kisha akalala Mwalimu Struthers. Tundu lake halikuwa na masikio, lilikuwa duara tupu.

Nafasi ni yake. Nimempa mkono. Nimeutoa mkono ule kwa heshima zote, nikaenda kukaa kwenye gari.

Akanifuata. Akasema, "Bwana Brekke, hujawahi kupiga vizuri namna ile. Uliona mwenyewe, ulihitaji maganda sawa tu." Akaweka kitu juu ya paja langu. Flana! Akasema mpwa wake amemnunulia kikatio chenye mota, na mikono yake siku hizi inamuuma, na angependa hiki kimwendee mtu wa hapahapa atakayekitumia. Akasema hata baada ya koleo langu bado kinakata sawasawa, amekipima.

Kwa muda kidogo, nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma, nilikishika kama kitu changu. Mpini wake umelika kwa vidole. Kinazunguka bila sauti.

Ndipo nikaelewa. Huruma! Ananipa sadaka! Kesho mji mzima utasema Brekke anakata maganda kwa hisani ya yule mama aliyemshinda! Nikakirudisha. Nikamwambia asante, ila mimi nina utafiti wangu na haujakamilika.

Hakukasirika. Alisema kitakuwa kwenye rafu yake nikibadili mawazo.

Arlo alikuwa amesikia yote. Akainama dirishani. "Shemeji," akasema, "wewe ukizama mtoni ukatupiwa kamba, utauliza kwanza imesokotwa na nani."

Nilipandisha kioo. Kioo hakikupanda mpaka juu, gari hili nalo lina njama zake.

Jumapili, 1 Oktoba

Jana timu ilikwenda Willow Draw na kushinda. Wanasema Mwalimu alipiga ajabu. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimegawiwa kazi ya kugeuza chapati kwenye hema la klabu, na nikaacha, kwa sababu kuna mtu alitania kuhusu sharubati.

Lakini siku haikupotea! Nikiwa narudi nyumbani kwa hasira nikaona mtu anauza vyombo vya marehemu mjomba wake kando ya barabara. Misumeno, mitego, kiti cha kinyozi. Na katikati yake, kikatio! Cha aina ambayo hakuna mtu wa Tamarack Fork aliye nayo. Kikubwa. Cheusi. Hakina mpini, lakini mpini ni kitu kidogo.

Nikamhoji muuzaji bila huruma, maana sasa mimi si mtu wa kudanganywa. Nikamwuliza: hiki kimewahi kukata ganda refu? Akasema kamwe. Kimewahi kukata fupi? Kamwe. Mshazari? Akaapa mbele ya mke wake kwamba hakijawahi kukosea hata mara moja tangu kitoke kiwandani.

Nimekinunua hapohapo! Verna amekizunguka mara mbili, akauliza yule mtu alijuaje.

Kwa sababu, nikamwambia kwa ushindi, bado kina utepe wa kiwandani. Hakijawahi kutumika!