Himid wa Mlandege na Wimbo Usiokatika

Tegeni masikio, enyi watu wa Unguja, wa mjini na wa shamba! Mwenye kula aache tonge, mwenye kulala aamshwe, isikike habari ya Himid wa Mlandege, simba wa washona viatu, aliyeingia vitani Makunduchi na redio ya CD kiunoni.

Vita vilianzia nyumbani. Watu wote husikiliza nyimbo kwenye simu. Himid peke yake alibaki na CD zake, kabati zima. Mkewe Nasima, mwenye ulimi wa wembe, alikuwa na kaka yake Ame, mkulima wa mtama Makunduchi, ambaye ndege walikuwa wakimmalizia mazao. CD zikining'inizwa shambani humeremeta, ndege wakakimbia.

“Siku ya Mwaka Kogwa,” Nasima akatangaza, “utapigana na kaka yangu huku kidude chako kinaimba. Wimbo ukikatika, CD zote nnazipeleka shamba. Nshasema.”

“Kidude hicho ukikipigia chafya kinashikwa na kigugumizi,” akacheka Ame, aliyekuja mjini kuwatembelea.

Himid akasimama kama mnara. “Ewe Ame, mwana wa Makunduchi, hujui ulinenalo! Jicho la mwanga la chombo hiki huisoma CD mbele ya wimbo, likaweka akiba, kama sisi wa mjini tujazavyo tangi maji yanapotoka. Ukinitikisa, jicho hupotea njia, lakini wimbo hunywa tangini mpaka jicho lirudi!”

“Na tangi likikauka?” akauliza Nasima.

Himid, bingwa wa hotuba, akatoka kwenda kununua betri.

Siku ikawadia, siku ambayo Makunduchi hutoa nyongo ya mwaka mzima kwa kupigana magomba ya migomba. Himid akabonyeza kitufe, taarabu ikapaa kutoka kwenye kispika kiunoni, na majemadari wakavaana.

“Hili la kutokuja harusini kwangu!” Gomba la Ame likatua begani kwa Himid. Wimbo ukaimba.

“Na hili la kula pweza wangu!” Likatua mgongoni. Wimbo ukaimba.

Lakini Ame hakupumzika. Pigo likafuata pigo, na Himid akasikia kiunoni jicho likikwaruza, kri, kri, likitafuta njia lisiione. Akajua tangi limebaki kata moja.

Hapo ndipo akapita Bi Wanu, shangazi yake Ame, na kanga zake mpya. Himid akatupa gomba chini.

“Shikamoo, Bi Wanu!”

Gomba la Ame likaganda hewani. Mtoto gani wa Makunduchi apige mtu anayemwamkia shangazi yake? Akalishusha.

“Shikamoo, shangazi,” akanung'unika.

“Marahaba, wanangu. Hamjambo?”

“Hatujambo,” Himid akajibu, amesimama wima kama nguzo ya msikiti. “Na mguu wako? Na wajukuu? Na yule mbuzi wako mwenye pembe moja?”

“Shemeji, unaulizia mbuzi?” Ame akafoka.

“Muache, ana adabu,” akasema Bi Wanu, akaanza kisa cha mbuzi tangu kuzaliwa kwake.

Kri ikanyamaza. Jicho lilirudi njiani, na tangi likajaa pomoni.

Vita vikarejea. Ame akapiga mpaka gomba likakatika vipande viwili. Wimbo haukukatika, hadi mdundo wake wa mwisho.

“Umeiba!” Nasima akapiga kelele.

“Nimeamkia,” akasema Himid, akishika kiuno kilichovimba.

CD zikabaki kabatini. Na atakayetilia shaka ushindi huo mkuu na aende Makunduchi akawaulize mashahidi: ndege, wanaokula mtama wa Ame kwa raha mustarehe hadi hivi leo.