Karatasi Zote Zipite Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhulumiwa! Leo Mkurugenzi, akiwa safarini, amesaini mkataba wa pampu mia mbili za maji kwa simu. Kwa simu! Amekaa anasubiri ndege, kabonyeza kwa kidole, basi. Na mimi je? Miaka kumi na tisa ni karani wa sahihi. Kila karatasi ya kampuni hii ilipita mezani kwangu, nikaingia nayo kwa bosi muda ninaoona mimi unafaa. Aliyenisalimia vizuri, karatasi yake iliingia asubuhi. Aliyenipita kama nguzo, yake ilingoja. Hata mhasibu mkuu alikuwa ananipa shikamoo, naye kanizidi miaka minne.
Leo benchi la nje ya mlango wangu lilikuwa tupu. Aliyeleta mfumo huu wa balaa ni Binti wa Kompyuta, ana miezi mitatu kazini. Kaniambia kwa upole eti sasa nitapumzika, mzee wangu. Nani kamwambia nimechoka?

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea mwanasheria wa kampuni. Nikamweleza kwamba sahihi isiyo na wino ni picha tu, mteja akiikana tutaumbuka mahakamani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikajua nimempata. Kisha akasema sheria inaitambua vizuri sana, kwa sababu mfumo unaandika nani kasaini, saa ngapi, kwa simu ipi na akiwa wapi. Akaongeza, bila kuniangalia, kwamba za wino ndizo zinazomkosesha raha, hasa zile zilizosainiwa wiki ambayo Mkurugenzi alikuwa amelazwa hospitali.
Nimetoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa yao! Kama siwezi kuifunga njia, nitasimama katikati yake. Nimempigia Mkurugenzi. Nikamsifia mfumo wake weee, kisha nikamuuliza nani atamchujia mambo. Siku moja si atasaini kuuza ofisi akidhani ni oda ya sabuni? Kila hati ianzie kwangu, niisaini mimi kwanza, ndipo imfikie. Alikuwa na haraka. Kakubali.
Binti wa Kompyuta kaniwekea mfumo kwenye simu. Kanielekeza mara tatu, ya nne kaniandikia kwenye karatasi. Kasisitiza nisibonyeze "Saini zote" kabla ya kusoma zote. Nimemwambia nilianza kusoma mikataba yeye hajaota meno.
Alasiri mtu wa mauzo kaja mlangoni. Kasimama. Kaniita mheshimiwa. Nikaanza kupanga kalamu mezani polepole, sikutaka dakika ile iishe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeacha hati zirundikane makusudi. Thelathini na moja! Saa nne nilichungulia: watu saba kwenye benchi, mhasibu mkuu kabanwa katikati kama abiria. Nikaenda zangu kwa kinyozi. Anayesubiriwa hakai ofisini.
Kichwa kimenyolewa nusu, simu ikaita. Mkurugenzi anafoka. Mteja anataka kuondoka, kila kitu kimekwama, na kilipokwamia ni kwangu. Nikamwambia anipe dakika moja. Nikabonyeza "Saini zote". Sekunde mbili, zimekwisha! Kinyozi kabaki mdomo wazi. Nikamwambia hiyo ndiyo teknolojia, ndugu yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Meneja wa wafanyakazi kaniita ofisini kwake, mwanasheria na Binti wa Kompyuta wamekwisha kaa. Kanipa mkono, kanishukuru kwa ukomavu wangu. Ukomavu gani? Kanisomea hati ya ishirini na sita: karani wa sahihi anakubali, kwa hiari yake, nafasi yake ifutwe na yeye ahamie ghalani. Sahihi yangu ipo chini. Na saa. Na simu. Na mahali: kwa kinyozi. Meneja anasema alinitumia ili niisome, nije tuzungumze, nikatae nikitaka. Hakutegemea nikubali kwa sekunde mbili.
Nikasema kuna mtu kanichezea simu. Nani? Nikasema mke wangu. Wakampigia shemeji yao hapohapo, sauti imefunguliwa wote wasikie. Mama watoto kajibu kwamba simu hiyo ninalala nayo chini ya mto, yeye hajawahi hata kuigusa. Kisha akauliza: "Kwani safari hii kafanya nini?"
Wamecheka wote. Binti wa Kompyuta peke yake hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Mama watoto kaniwekea chakula kilichopoa. Kisha kasema nimemsingizia mbele ya watu asiowajua. Kasema miaka yote hii aliwahadithia ndugu zake jinsi watu wanavyopanga foleni mlangoni kwangu, akidhani ni wingi wa kazi.
"Kumbe walikuwa wanakusubiri wewe tu," kasema.
Nimeosha mwenyewe sahani yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Ghalani. Vumbi, panya, pampu. Mtunza ghala ni mtu mpole mwenye mgongo mbovu. Kanipokea vizuri, kaniachia kiti chake. Kanieleza kwamba huku hakuna ukiritimba: mwenye shida anaingia, anachukua mzigo, anaandika daftarini, anakwenda. Hatari iliyoje! Mlango ni mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja, nao unaning'inia msumarini kila mtu akiuona! Nimeuchukua niutunze, kwa usalama wa wote. Kuanzia Jumatatu anayetaka pampu atabisha, atajieleza, nami nitatazama kama muda unafaa.
Saa kumi na moja kamili nimefunga, nimerudi nyumbani. Ufunguo ni mzito, unavuta suruali upande mmoja. Raha tupu.
Simu inaita. Ni mtunza ghala, mara ya tisa hii. Nilimwacha kule nyuma akipanga mipira ya maji, sikumwona akitoka; huenda ana la kuuliza kuhusu mipira hiyo. Sipokei. Asubiri Jumatatu kama wengine.