Mazoezi ya Dereva Asiye na Gari

Jumatatu, 6 Oktoba 1975. Lodwar.

Joto. Msimu wa mbio umelala mpaka Desemba, lakini dereva wa kweli halali. Nimeanza mazoezi leo.

Gari sina. Hilo ni jambo dogo. Nina kiti cha kamba, kifuniko cha sufuria kubwa ndio usukani, mwiko ndio gia, na matofali matatu chini ya miguu. Rael, mke wangu, ndiye msoma kona, wa kunitajia njia iliyo mbele. Alikubali kwa sharti kwamba hataacha kupika. Basi akawa anasoma akiwa jikoni: kushoto kali, kulia taratibu, mafuta ya taa yamekwisha, kushoto tena. Kona zote nilizikata vizuri mpaka kwenye mafuta ya taa. Hapo nilipinda kulia, nikaanguka pamoja na kiti.

Rael aliuliza kama karani wa stoo ya ofisi ya maji hawezi kupata mchezo mwingine. Kwa mfano bao.

Hajui kwa nini siwezi kuacha mbio. Au anajua sana, maana alikuwapo. Desemba iliyopita, mbio za klabu kule Kitale, gari la kuazima, kona ya kwanza. Ya kwanza! Nililala magurudumu juu mbele ya kaka zake wote, waliokuja na chai kwenye chupa ili wanione. Tangu siku hiyo shemeji mkubwa ananiita Kobe. Watoto wake nao wananiita Mjomba Kobe. Inaniuma. Kuna siku naacha chakula kwa sababu ya jina hilo.

Lakini mwaka huu Mungu si Athumani. Mzee Mutua, mwenye duka Kakuma, amenunua Pijo 404. Anataka ikimbie Kitale Desemba, jina la duka limeandikwa milangoni. Anatafuta dereva. Tumebaki wawili: mimi, na Lokorio, dereva wa Landrova ya ofisi yetu. Lokorio! Mtu anayesimama njiani kuulizia mbuzi wa watu! Mzee amesema kila mmoja ataiendesha Pijo mara moja kutoka Lodwar mpaka dukani kwake. Lokorio Jumamosi, mimi Jumapili. Atakayetumia muda mfupi ndiye wa Kitale.

Namhurumia Lokorio.

Jumanne, 7 Oktoba.

Leo macho. Dereva akipepesa jicho, kona imempita. Nilikaa nje nikaukodolea upepo macho bila kupepesa. Upepo wa Lodwar unakuja na mchanga wake. Jicho la kulia limefunga.

Mchana, mazoezi ya joto. Sweta mbili na koti la mvua, ndani, chini ya mabati. Sikumbuki zoezi liliishaje. Rael anasema alinimwagia maji ya vyombo, na kwamba maji hayo aliyateka mbali. Nilimwambia yametumika kwa kazi nzuri. Jioni kaleta mboga bila chumvi.

Nikiwa nimelala chali nilifikiri sana. Tatizo si kona. Barabara ya Kakuma haina kona za maana. Tatizo ni watu. Huku gari si la mwenye gari, ni la yeyote aliye njiani. Ukimwacha mtu juani, habari yako itafika Lokichoggio kabla yako. Wanaingia katikati ya barabara, wanainua fimbo, unasimama. Kwanza salamu. Halafu maji. Halafu tumbaku. Halafu ndipo wanapanda. Nani atashinda mbio namna hiyo?

Nimepata dawa. Wanataka tumbaku? Watapata. Lakini kando! Nairusha vichakani huku nakimbia, wao wanaifuata huko, barabara inabaki nyeupe, mimi huyoo. Ni rahisi mpaka naona aibu kwa niaba ya madereva wote waliopita.

Ekidor, muuza tumbaku sokoni, hakutaka ahadi. Alitaka saa yangu ya mkononi. Nimempa. Nimerudi na mfuko umejaa.

Jumatano, 8 Oktoba. Kakuma.

Bahati! Ofisi imetutuma Kakuma na mabomba ya kisima, mimi na Lokorio. Yaani naikagua barabara kwa mafuta ya serikali, nikiendeshwa na mpinzani wangu mwenyewe. Sikumwambia kitu. Nilikumbatia mfuko wangu.

Lokorio anaendesha kama anayebeba maziwa. Tena anasimama kwa kila mtu. Salamu, ejok, ejok, mikono inashikwa, mvua imenyesha wapi, ng'ombe wako wapi, mama amepona? Halafu ananyoosha vidole, anahesabu kitu, wanacheka, wanamwitikia. Kiturkana changu ni cha salamu tu, ila nadhani ni mambo ya mbuzi. Nilichukua usingizi kidogo.

Alipokuwa anaendesha nilifanya majaribio. Wazee wawili mbele. Nikarusha kipande upande wangu, kichakani. Wazee wakaondoka barabarani mara moja! Kinamama watatu: wakaondoka! Kijana na ngamia: kijana akaondoka, ngamia akabaki, lakini ngamia havuti. Nilirusha mpaka Kakuma. Kila kipande kilifanya kazi.

Lokorio aliniambia, "Karani, hii tumbako watu hawatasahau." Nilimshukuru. Ni mara ya kwanza ananisifu.

Alhamisi, 9 Oktoba. Lodwar.

Tumerudi. Njiani watu wengi kuliko jana, wamejipanga kabisa, wananipungia mikono. Lokorio hawakumpungia sana. Nimegundua nina mvuto.

Nilirusha karibu yote iliyobaki. Nimebakiza fungu moja la Jumapili. Linatosha, kwa kuwa wenye kiu ya tumbaku wote sasa wameshapata.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Jicho limefunguka nusu. Nilikwenda sokoni kumuuliza Ekidor ni saa ngapi. Alininyooshea mkono kwa heshima, nikaisoma saa yangu mwenyewe, nikasema asante. Akasema nisijali, nije wakati wowote.

Aliniambia pia kwamba kuna watu wameshuka kutoka milima ya Pelekech wanauliza habari za gari linalogawa tumbaku. Wametembea siku nzima mpaka barabarani, halafu wakapanda lori. Ekidor aliwaambia litapita tena Jumapili. Nilimuuliza amejuaje. Akasema mimi ndiye niliyemwambia, tulipokuwa tunabadilishana saa kwa tumbaku. Ni kweli, nilijisifu kidogo.

Haidhuru. Dereva wa mbio anahitaji watazamaji.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Siku ya Lokorio. Nilimsindikiza asubuhi. Hakuvaa glavu, alivaa kandambili! Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Jioni alirudi na Pijo, vumbi kidogo tu mlangoni. Aliondoka jua likichomoza, akamkuta Mzee Mutua bado hajamaliza chai yake ya asubuhi. Hakusimama hata mara moja. Nilikataa kuamini. Nikamuuliza watu walikuwa wapi. Akasema walikuwapo, walikaa kando, walimpigia makofi. Jumatano alikuwa amemwambia kila mmoja kwamba Jumamosi atapita mbio na gari la mtu, wasimsimamishe, na Jumatatu atakuja na Landrova awachukue wote. Wakakubali.

Yaani aliongea nao! Kabla ya mashindano! Huo ni udanganyifu mtupu. Nimemwambia Rael. Rael alisema hata yeye hangefikiria jambo gumu namna hiyo, kuongea na watu. Sikuipenda sauti yake.

Kesho ataenda kanisani peke yake. Amesema ataliombea gari. Nilimuuliza na mimi je. Akasema ataanza na gari.

Jumatatu, 13 Oktoba. Kakuma.

Jana sikuandika. 

Mwanzo ulikuwa mzuri sana, naandika ili ikumbukwe. Glavu, helmeti, jicho moja na nusu. Pijo inaitikia kama mtumishi mwema. Mto mkavu wa kwanza niliuvuka bila kuugusa. Niliimba. Niliwaona shemeji zangu wote Kitale wamesimama, chupa ya chai imewaanguka.

Halafu nikaona kitu kimeifunga barabara. Nilidhani ni mifugo. Ni watu. Wazee, kinamama, vijana, wengine wamekuja na vigoda vyao, wameketi katikati ya njia tangu asubuhi. Nilirusha tumbaku kichakani. Hakuna aliyeinuka kwenda kichakani. Mzee mmoja alinieleza kwa upole kwamba safari iliyopita walijichoma miiba wakiitafuta, kwa hiyo wameamua leo wapewe mkononi.

Fungu langu lilikwisha kwa watu sita wa kwanza.

Niliwaeleza kuhusu mbio. Niliwaeleza kuhusu Desemba. Walinisikiliza vizuri, wakasema pole. Bibi mmoja aitwaye Akal akafungua mlango wa mbele, akaketi, akapakata mbuzi. "Mtoto yangu," akasema, "kama tumbako hakuna, basi twende." Nyuma waliingia wangapi sijui, kioo kilijaa magoti. Mmoja alikuja na gunia la samaki wakavu wa Kataboi, kule ziwani. Juu ya keria walipanda wengine. Kijana mmoja alikaa kwenye boneti, upande wa jicho langu zima.

Hilo lilikuwa kundi la kwanza. Mbele kulikuwa na makundi mengine. Hao nao walikuwa na vigoda.

Gia ya pili haikuingia tena siku ile. Mbuzi wa Akal alikula glavu ya kushoto. Nilimwomba Akal amzuie. Akasema anailinda ile ya kulia. Tulipofika mto Tarach walishuka wote, wakasukuma huku wanaimba, wakapanda tena. Lazima niseme kweli, walisukuma vizuri.

Tuliingia Kakuma jua linatua. Mzee Mutua alikuwa mlangoni tangu asubuhi. Alimaliza chai yake ya asubuhi, akanywa ya saa nne, akanywa ya jioni. Aliitazama Pijo. Springi zimelala, samaki wananuka, jina la duka halionekani kwa miguu ya watu. Nilishuka nikavua helmeti. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo, lakini kwa jicho bovu, kwa hiyo haihesabiki.

Hapo abiria wangu wakaingia dukani. Wote. Kila mtu alikuwa ameahidiwa tumbaku, na kama Karani hana, watainunua. Mzee aliuza tumbaku yote. Aliuza sukari. Aliuza shuka, shanga, majani ya chai, hata kengele za ngamia zilizokaa tangu afungue duka. Nilimwona akifungua kasha ambalo mimi nilidhani ni meza.

Leo asubuhi alituita, mimi na Lokorio aliyefika na Landrova na watu wake wa ahadi. Mzee alisema amefikiri sana. Pijo haiendi Kitale. Si Desemba, si lini. Mtu mwenye akili hawezi kuchukua gari linaloleta wateja namna hii akalipeleka kupinduka. Kila Jumamosi na Jumapili litabeba watu kuja dukani.

Nilimgeukia Lokorio nione atakavyoanguka. Akasema sawa. Alikuwa ameingia mashindanoni ili apate gari la kumletea mama yake godoro hapa Kakuma, na godoro lilifika Jumamosi.

Mzee akasema dereva wa abiria atakuwa mimi. Watu wamenitaka kwa jina. Sharti moja: nisipite gia ya pili, maana mbuzi wanatapika.

Sina Kitale. Naandika tena ili nizoee. Sina Kitale. Krismasi shemeji atakata nyama, atanipa kipande cha mgongoni, ataniambia hilo ni gamba langu.

Jumatano, 15 Oktoba. Lodwar.

Rael alinipokea kwa chakula chenye chumvi. Akasema maombi yake yamejibiwa, gari limerudi salama. Akasema pia kwamba watu wa Kakuma walinitaka mimi, hawakumtaka mwingine, na hilo si jambo dogo. Aliniambia nikae nilifikirie.

Nimekaa nikalifikiria. Ameniamsha kweli! Nilikuwa nimelia bure. Nina nini sasa? Nina Pijo, kila Jumamosi, na uzito wa watu kumi na tano wa kufanyia mazoezi. Madereva wa Nairobi hawana kitu hicho. Nikimwonyesha Mzee kwamba abiria wanaweza kufika Kakuma kabla ya chai yake, tena nikarudi kuchukua wengine siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe ataniomba niende Kitale.

Kinachotakiwa ni gari likishajaa lipite, na waliobaki njiani wasinisimamishe. Lokorio alinishauri niongee nao. Nilimwambia siwezi kujishusha kiasi hicho.

Kosa langu nimeshaliona. Kosa lilikuwa tumbaku. Tumbaku ni ya watu wazima, na mtu mzima akiketi barabarani haondoki. Nilipaswa kuanza na watoto. Mtoto akikimbilia kando, mama humfuata, na baba humfuata mama. Barabara inabaki nyeupe. Ni hesabu tu.

Ekidor ana peremende, kasha zima, za rangi zote. Amekubali kuchukua helmeti. Nimemwambia Jumamosi nitazirusha kuanzia Lodwar mpaka Tarach, na safari hii hapana mtu atakayenifungia njia. Nani amewahi kuona watoto wakifuata gari?