Uzi Mwekundu kwenye Mfuko wa Kulalia

Asubuhi hiyo Profesa aliamka shingo imekaa upande, kama ilivyo kawaida ya mtu mrefu anayelala kwenye kochi la watu wawili. Kitanda kilikuwepo, tena kizuri, chumba kilekile, lakini kitandani alikuwepo mkewe, na mkewe alikuwa na msimamo. Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake. Tangu siku ile Profesa alipowauzia majirani dawa ya kufukuza mbu, ikaja kujulikana kuwa ni maji ya bomba yaliyotiwa rangi ya kijani, Fundi alimwonyesha kochi kwa kidole. Hakugomba wala hakulia. Alimwambia tu kwamba kitandani hurudi mtu mwenye kazi ya halali, na kwamba akimdanganya tena, hata kochi litahamia barazani na yeye akiwa juu yake.

Kwa heshima ya elimu, ni vizuri kusema mapema kwamba hakuna chuo kilichompa Profesa jina hilo. Alijipa mwenyewe, siku moja alipokuwa hana kazi, yaani siku yoyote ile, na likamkaa vizuri kuliko koti lake. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni na kumrudisha akiwa ameshalipia kiingilio. Alichokosa ni usingizi. Kila alipowaza bahati yake, hakuwaza gari wala nyumba, aliwaza kunyoosha miguu kitandani pembeni ya mkewe, na mawazo hayo yalimtia uchungu wa kweli.

Basi akaenda kunywa chai kibandani, karibu na mlango wa ofisi moja ya bima, na huko ndiko riziki ilikomkuta. Wafanyakazi wa ofisi hiyo walikuwa wamekalia mabenchi, nyuso zimewashuka. Bosi wao mpya alikuwa amesoma mahali fulani kwamba watu wakilala pamoja mahemani hupendana, na ametangaza kuwa mwisho wa wiki ofisi nzima itapanda mlimani kupiga kambi. Mahema yangetolewa na ofisi. Matandiko kila mtu ajitegemee. Keshia alisimulia kuhusu binamu yake aliyelala huko juu usiku mmoja, akarudi meno yanagongana mpaka akashindwa kuagiza chakula.

Profesa aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye wosia.

"Samahanini, ndugu zangu," alisema. "Sikukusudia kusikiliza, ila masikio hayana mlango. Hiyo baridi mnayoizungumza ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako kuuza baridi?" aliuliza Keshia.

"Kuizuia, kaka yangu. Nina mifuko ya kulalia. Unaingia, unafunga zipu, baridi inabaki nje inajiuliza umekwenda wapi."

Kabla chai haijapoa alikuwa amealikwa ofisini kesho yake kuonyesha bidhaa. Hakuwa na mfuko hata mmoja. Hilo halikumsumbua, kwani katika maisha yake yote bidhaa ilikuwa ndiyo kitu cha mwisho kupatikana.

Alirudi nyumbani na habari njema. Fundi alisimamisha cherehani, akamtazama kwa muda kama mtu anayepima kitambaa kisichoeleweka mbele na nyuma. Profesa aliapa kwamba hii ni kazi safi, ya jasho, isiyo na rangi ya kijani ndani yake. Yeye Fundi ashone maganda ya mifuko na kutia zipu, na yeye Profesa ataijaza mwenyewe kwenye stoo ya rafiki yake, kwa sababu kujaza ni utaalamu. Fundi aliuliza swali moja tu.

"Na chini watalalia nini?"

"Watalalia mfuko wenyewe. Joto hupanda, mke wangu. Umewahi kuona moshi unashuka?"

"Nilipokuwa najifunza ushonaji nililala sakafuni," alisema Fundi. "Nilijifunika mablanketi mpaka nikashindwa kugeuka, na mgongo ukabaki barafu. Baridi ya usiku hutoka chini."

Profesa alimbusu kwenye paji la uso na kumwambia mambo ya sayansi amwachie yeye.

Mfuko wa kwanza aliujaza sufi safi, ile laini ya kujazia mito, ukavimba ukapendeza. Huo ulikuwa wa maonyesho, na baadaye uwe wake mwenyewe. Iliyobaki aliijaza magazeti ya zamani yaliyochanwachanwa, ambayo muuza samaki alimwachia bure baada ya kuyakataa kwa sababu ya harufu. Ukiushika mfuko wa magazeti ulikuwa mnene kama wa sufi. Ukiusogeza, ulipiga kelele. Lakini nani, aliwaza Profesa, anayesogea akiwa amelala?

Maonyesho yalifana. Aliutandaza mfuko wa sufi juu ya meza ya mikutano, na ndani kabisa, kwenye miguu, alikuwa ameficha chupa ya maji ya moto aliyoiazima kwa mama wa chai. Bosi mwenyewe aliingiza mkono, akawatazama watu wake kwa macho ya mtu aliyeona nuru.

"Kuna joto," alisema.

"Hilo ni lako mwenyewe, Bosi," alisema Profesa kwa unyenyekevu. "Mfuko umelitambua tu."

Watu wakapanga foleni kuingiza mikono. Aliyemtia wasiwasi Profesa ni Mhasibu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, ambaye aliingiza mkono mpaka begani na kuendelea kupapasa kuelekea miguuni. Profesa akamshika kiwiko kwa adabu. Huko, dada, ndiko moyo wa mfuko uliko, alimwambia, na ukiguswa na mkono mgeni hukata tamaa. Mhasibu akatoa mkono, akasema kwamba ofisi italipa nusu sasa na nusu nyingine mlimani, watu wakishalala na kuamka wazima, na kwamba mtaalamu apande pamoja nao. Kwa kuwa bahasha ya nusu ya kwanza ilishakuwa mezani, tena nene, Profesa alikubali kabla hajafikiri.

Alipofikiri, hakuona tatizo. Yeye angelala kwenye sufi. Asubuhi wakianza kulalamika, angewaambia kwamba mfuko unahitaji kumzoea mtu, angepokea chochote kitakachopatikana na kuingia mitini. Akampelekea Fundi mifuko yote ashone midomo ya kujazia, na kwenye ule wa sufi akamwomba atie uzi mwekundu pembeni ya zipu, kwa urembo tu. Fundi akaupokea, akaupima mkononi, akaupokea wa pili, akaupima pia. Wa pili ukamjibu kwa sauti ya gazeti. Alichomoa kipande cha karatasi kilichonasa kwenye suruali ya mumewe, akakitia kwenye mfuko wa aproni na kukanyaga cherehani.

Siku ya safari Profesa alipanda lori akiwa na bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akakuta masufuria, na nyuma ya masufuria akamkuta mkewe. Ikawa kwamba Fundi alipopeleka mifuko ofisini alimkuta Bosi anatafuta mpishi wa kambi, wakaelewana palepale. Pembeni yake kulikuwa na furushi kubwa lililofungwa kwa turubai. Profesa aliuliza ni nini.

"Vyombo," alisema Fundi.

Kambi ilikuwa kwenye uwanda wa majani mafupi, mahali ambapo hata moshi wa moto ulionekana kutaka kuwahi nyumbani. Bosi alitoa hotuba kuhusu upendo. Watu walikula, wakaingia mahemani, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Kwanza ilikuwa kelele. Kila aliyegeuka alichakarisha, jirani yake akaamka naye akachakarisha, mpaka kambi nzima ikawa chumba cha watu wanaosoma magazeti kwa hasira. Keshia aliulalia mshono ukafumuka, akamulika tochi, akajikuta anasoma matokeo ya mpira ya mwaka juzi, na timu yake ilikuwa imefungwa. Halafu ikaja baridi yenyewe. Haikupitia juu ambako walijifunika. Ilipanda kutoka ardhini, ikashika migongo, makalio na visigino, taratibu, bila haraka yoyote.

Profesa alikuwa ametulia hemani kwake akitabasamu gizani. Aliutoa mfuko wenye uzi mwekundu, akaingia, akafunga zipu. Ukachakarisha.

Alitoka nje na tochi. Mhasibu alikuwa amesimama karibu na moto amejifunga mfuko wake mabegani, na pembeni ya zipu yake kulikuwa na uzi mwekundu. Wa Bosi ulikuwa nao. Wa Keshia ulikuwa nao, mzuri, mishono midogo iliyonyooka. Mtu aliyezoea kuwaingiza wenzake mjini huwa anaijua harufu ya mchezo, na Profesa aliinusa papo hapo, ila alikuwa anatetemeka mno asiweze kufanya lolote.

Walipokuwa wote wamejazana motoni, wengine wakitaja jina la Profesa pamoja na majina ya wanyama, Fundi alifungua furushi. Ndani mlikuwa na vigodoro vyembamba vilivyokunjwa na kufungwa kamba, mabaki ya sponji ya mtengeneza magodoro yaliyoshonwa kati ya matabaka ya gunia.

"Mkilala, upande wa chini wa mfuko unabanwa," aliwaambia. "Hewa inatoka, mnabaki mmelalia kitambaa na mlima. Tandikeni hiki chini kwanza."

Bosi alijaribu wa kwanza. Alilala, akasubiri, akasema kwa sauti ya usingizi kwamba joto limerudi, na kwamba hata magazeti si mabaya ukishainuliwa kutoka ardhini. Hapo watu wakagombania. Mhasibu aliuliza bei, Fundi akaitaja, nayo kwa bahati ya ajabu ilikuwa sawasawa na ile nusu ya pili ambayo ofisi ilikuwa imeiweka kwa ajili ya Profesa. Mhasibu alimkabidhi yote bila kuvaa miwani. Moto ukabaki na watu wawili na kigodoro kimoja, kipana, ambacho Fundi alikuwa amekikalia.

"Mke wangu," alianza Profesa.

"Nakusikiliza."

"Hicho ni bei gani?"

"Bahasha."

Profesa alishika kifua cha koti. Alikuwa na maneno kwa kila tukio, na sasa yalimjia kwa wingi, lakini meno yaliyakata vipandevipande kabla hayajatoka. Akaitoa bahasha. Fundi aliipokea, akaiweka pembeni, na bado hakusimama.

"Bado jambo moja. Mifuko hii ndani ina nini?"

Profesa alimwangalia. Aliona ule uso wa siku ya maji ya kijani, na nyuma yake akaona kochi lake liko barazani mvua inanyesha. Angeweza kusema ni nyuzi za kigeni, au hewa iliyokaushwa. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema hivyo hasa. Lakini alimpenda mwanamke huyu, na alikuwa amechoka, na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Magazeti," alisema. "Tena ya muuza samaki. Nilikudanganya, nisamehe."

Fundi alitoa kwenye aproni kile kipande cha karatasi, akakitupa motoni. Kisha akajisogeza kidogo, na Profesa akapewa pembe ya kigodoro, akalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi aliamka peke yake juu ya majani. Lori la masufuria lilikuwa limeshaondoka na mpishi wake, bahasha zake na kigodoro chake. Wafanyakazi wa bima walimwachia yeye kazi ya kung'oa mahema yote, na wakaiita mafunzo ya upendo.

Alifika nyumbani jioni, akiogopa kutazama baraza. Halikuwepo kochi. Lilikuwa ndani, mahali pake, limetandikwa kigodoro, na mwisho wake Fundi alikuwa ameweka stuli ya cherehani ili miguu ipate pa kufikia. Mwenyewe alikuwa kitandani, ndani ya mfuko uliovimba vizuri, usiochakarisha, wenye uzi mwekundu. Profesa aliutambua. Mfuko wa sufi haukuwahi kupanda mlimani.

"Hicho kigodoro ni cha kukodi," alisema Fundi kutoka ndani ya mfuko. "Bosi ameagiza vingine vya tawi zima. Kuanzia kesho mimi nashona, wewe unakata sponji. Ukikata mwezi mzima bila kupiga kamba, tutazungumza habari za kitanda."

Profesa alijilaza, akanyoosha miguu, ikafika kwenye stuli. Ilikuwa raha isiyosemeka. Alivumilia kidogo, kisha yakamshinda.

"Na bahasha je, mke wangu? Umeiweka wapi?"

"Nimeilalia," alisema Fundi. "Si nilikwambia baridi hutoka chini?"

Kisha akafunga zipu mpaka puani.